UZI: Hakuoki, mapenzi na panga katika Kyoto ya Shinsengumi (tahadhari, humu tunavujisha hadithi)

TausiMweupe:

Salaam wanajamvi.

Nyuzi nyingi za gemu humu ni mpira, magari na bunduki, na sina ugomvi nazo. Leo naomba tukae na gemu ambayo hukimbii wala hupigi risasi. Unasoma, unasikiliza sauti za waigizaji, unatazama picha, na mara mojamoja unaulizwa ufanye hili au lile. Majibu yako ndiyo yanayoamua utaishia na nani na kama mtakuwa hai. Wajapani wana hazina kubwa ya riwaya hizi za picha, na zile za mapenzi zilizotungwa kwa kumlenga mchezaji wa kike wanaziita otome. Niliyokuja nayo ni Hakuoki. Ilitoka Japani mwaka 2008 kwenye PS2, chini ya Otomate ambao ni tawi la Idea Factory, na toleo la Kiingereza likafika 2012 kwenye PSP. Siku hizi kwenye kompyuta iko duka la mtandaoni la Steam, imegawanywa sehemu mbili: Kyoto Winds na Edo Blossoms.

Kisa chenyewe. Ni majira ya baridi, mwisho wa 1863. Binti anayeitwa Yukimura Chizuru anatoka Edo, Tokyo ya leo, kwenda Kyoto kumtafuta baba yake, tabibu Kodo, ambaye barua zake zimekatika. Amevaa kiume kwa usalama wa safari. Usiku uleule wa kufika anafukuzwa na ronin, samurai wasio na bwana, wanaoutaka upanga wake mfupi wa urithi. Anajibanza pembeni ya nyumba. Anasikia mayowe, na anayepiga mayowe ni wale waliokuwa wakimfukuza. Wanauawa na watu wenye makoti ya samawati, nywele nyeupe, macho mekundu, wanacheka huku wanaendelea kuchoma kwa panga miili iliyokwisha kufa. Wanapomgeukia yeye, upanga mwingine unawawahi. Kisha mwanaume mwenye nywele ndefu nyeusi anasimama mbele yake, mbalamwezi mgongoni, ncha ya upanga imemwelekea yeye.

Huyo ni Hijikata Toshizo, makamu kamanda wa Shinsengumi. Hapo ndipo mapenzi yanapoanzia, kwenye ncha ya upanga.

Shinsengumi walikuwepo kweli. Kikosi chao kiliundwa 1863 kulinda Kyoto kwa niaba ya serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, chini ya usimamizi wa bwana wa Aizu. Kamanda wao Kondo Isami na huyu Hijikata walikuwa watoto wa wakulima kutoka Tama, magharibi ya Edo. Kwa kuzaliwa hawakuwa samurai, na labda ndiyo sababu waliushika usamurai kwa nguvu kuliko waliozaliwa nao: kanuni zao zilikuwa kali kiasi kwamba aliyetoroka kikosi aliamriwa kujipasua tumbo. Gemu inakuweka ndani ya nyumba yao kule Mibu, mwanzo kama mfungwa aliyeona siri, baadaye kama mtu wa nyumbani.

Siri yenyewe ni ochimizu, dawa nyekundu iliyofika kutoka nje, ambayo shogun amewaamuru waijaribu kwa siri. Ukiinywa unakuwa rasetsu. Nguvu zinaongezeka mara nyingi, jeraha linafunga unaliangalia. Lakini mwanga wa jua unakutesa, kiu ya damu inakuja, na kubwa kuliko yote, nguvu ile haitoki mbinguni. Ni miaka yako mwenyewe ya mbele unayoitumia leo. Ni mkopo wa kausha damu, na anayekopeshwa hajui salio. Siku miaka ikiisha, mwili unageuka majivu.

Nina hoja moja. Watu wengi huichukulia Hakuoki kama hadithi ya wanaume wazuri wa kihistoria iliyotiwa vinyonya damu ili kunogesha. Mimi nasema hivyo vya ajabu ndivyo vinavyobeba gemu nzima, na vimeingizwa kwa ustadi kupitia matundu ya historia. Nitaeleza kadiri tunavyokwenda. Karibuni.

---

Chui_Mpole:

Dada Tausi, heshima kwako. Maswali mawili. Laptop yangu ni ya ofisini, haina kadi ya picha ya maana, itaweza? Na pili, kama ni kusoma tu, kwa nini nisinunue kitabu?

---

TausiMweupe:

Mkuu, laptop yako inatosha. Ni picha zilizosimama, maandishi na sauti, hakuna kinachoitesa mashine. Shusha usiku kwa bando la usiku ukalale. Maandishi ni ya Kiingereza, sauti ni za Kijapani. Usizizime sauti hata kidogo. Kama umekulia kwenye Naruto, Saito Hajime wa humu, mmoja wa wapiganaji wa kikosi, ni Toriumi Kosuke, ndiye sauti ya Kiba. Na Kazama, adui wa kikosi, ni Tsuda Kenjiro, anayemwigiza Nanami kwenye Jujutsu Kaisen. Utamtambua akisema neno la kwanza.

Kuhusu kitabu, kitabu hakikuulizi. Nikupe mfano wa karibu. Mwenzio amekuwa rasetsu, mko wawili chumbani, kiu imempanda, amekunja mikono kifuani, nywele zinaanza kugeuka nyeupe. Gemu inasimama. Umpe damu yako? Umpe dawa ya kutuliza? Umwache astahimili? Kuna ukurasa wa kumbukumbu ambapo unaona vipimo viwili, kimoja cha mapenzi na kingine cha jinsi urasetsu unavyomla. Ukimpa damu anapata nafuu, na ile picha ya Chizuru akijikata kidogo kwa upanga wake wa urithi, kisha mwenzake akiinamisha kichwa kwa aibu, ni mapenzi matupu bila busu. Ukimwacha astahimili, umeheshimu fahari yake, lakini kile kipimo cha pili kinapanda, na ukikiacha kiendelee kupanda mwisho wake utaulipia. Kwenye kitabu ningesoma kwamba Chizuru alitoa damu. Hapa nimekaa na kipanya mkononi, saa sita ya usiku, siwezi kubofya.

Ushauri wa kiufundi ni kusevu kabla ya kila swali. Ukijibu vizuri skrini inakuonyesha maua ya mcheri, ujue hapo moyo wake umesogea. Mzunguko wa pili ruka uliyokwisha kusoma, gemu yenyewe inajua ulichosoma na inasimama penye kipya.

---

BintiMvita:

Da Tausi, uzi mzuri mno, lakini kuna jambo linanikera na sitalimeza. Kazama. Yule ni oni, watu wa ukoo wa mashetani wenye nguvu kuliko binadamu. Anagundua Chizuru pia ni oni wa damu safi, na kwa vile wanawake wa oni ni wachache basi anataka kumchukua awe mkewe, hajamuuliza, hajamposa kwa watu wake. Kisha anahesabiwa miongoni mwa wapenzi unaoweza kuwachagua! Mimi nilimaliza njia za wengine, yaani kisa cha kila mpenzi, ya kwake nikaifungua nikaifunga.

---

TausiMweupe:

Dada yangu, hasira yako ni ya haki na hata gemu inakuunga mkono. Kwenye njia nyingine yeye ni adui, na sababu zake zinaitwa upuuzi mbele ya uso wake. Njia yake mwenyewe kwenye toleo la awali ni fupi, na wanachofanya ni kumtembeza kando ya Chizuru mpaka ajifunze kuuliza kabla ya kuchukua.

Lakini mimi namtaka pale kwa sababu nyingine. Kazama alizaliwa na nguvu. Hajainunua kwa chochote. Akiwaona wale rasetsu anawadharau, anawaita bandia. Sasa mweke huyo mbele ya Hijikata, mtoto wa mkulima aliyeambiwa maisha yake yote kwamba si samurai wa kweli. Umeiona? Ni ugomvi uleule wa nani alizaliwa nacho na nani alikitafuta kwa jasho, umerudiwa kwa lugha ya mashetani. Waandishi wangeweza kuweka adui yeyote. Wakamweka huyu.

---

KobeWaZiwa:

Mkuu nimetazama anime yake ya 2010 ya Studio Deen yote. Je, kuna haja ya kucheza gemu tena? Na hiyo hoja ya matundu ya historia umeiacha hewani, imalizie.

---

TausiMweupe:

Haja ipo kubwa. Anime imechukua njia ya Hijikata ikaifanya uti wa mgongo, wengine wakawa watu wa kupita. Hujaishi na Harada, hujaishi na Saito. Toleo la awali lina wapenzi sita: Hijikata, Okita, Saito, Heisuke, Harada na Kazama. Kyoto Winds na Edo Blossoms wameongeza sita wengine, akiwemo Nagakura Shinpachi ambaye mashabiki walimlilia miaka, na Sakamoto Ryoma.

Sasa hoja. Fungeni mikanda, hapa ndipo penye utamu, na hapa ndipo ninapovujisha.

Yamanami Keisuke, wanayemwita Sannan. Vitabu vya historia vinasema aliondoka kikosini akakamatwa, akajipasua tumbo mapema 1865. Kwa nini aliondoka, wanahistoria wanabishana mpaka leo. Gemu inafanyaje? Inampa jeraha la mkono lililomuondolea uwezo wa kushika upanga. Mtu msomi, mpole, mwenye ulimi wa asali, anaanza kuwa na maneno makali mezani, anakula peke yake. Usiku mmoja Chizuru anamkuta na chupa ile nyekundu. Anainywa. Asubuhi Shinsengumi wanatangaza nje kwamba Sannan amefariki. Kuanzia hapo anaishi usiku tu, kwenye nyumba ileile, anaongoza kikosi cha rasetsu ambacho hakipo kwenye karatasi yoyote. Kifo kilichoandikwa hakijafutwa. Kimegeuzwa kuwa pazia.

Todo Heisuke. Historia: aliuawa Desemba 1867 kwenye mapigano ya Aburanokoji, mtaani Kyoto, akiwa upande uliojitenga na wenzake wa zamani. Inasemekana wenzake hawakutaka kumuua. Kwenye gemu analetwa nyumbani anakata roho, anachagua chupa. Nje anatangazwa marehemu. Kijana aliyekuwa na kelele kuliko wote wakati wa chakula, anayempokonya Shinpachi samaki, sasa anakaa gizani na anaona haya kukutana na watu mchana.

Okita Soji alikufa kwa kifua kikuu 1868, hajafika uzeeni, hajafa vitani. Hapo ndipo niliposalimu amri kwa waandishi hawa. Okita naye anakunywa ochimizu, na unadhani sasa amepona. Hapana. Dawa inayofunga jeraha la upanga haiwezi kitu kwa kifua kikuu. Wangeweza kumponya kwa sentensi moja, ni hadithi yao, nani angewazuia? Walikataa. Historia imesema kifua kikuu, basi ni kifua kikuu.

Ndiyo maana nasema ya ajabu hayapo kwa ajili ya kuwaepusha watu hawa na yaliyowapata. Yapo ili tuone kwa macho kitu ambacho kwenye historia hakionekani: watu wanaojua upande wao umeshindwa, zama zao zimekwisha, na bado wanatumia miaka yao iliyobaki kwa mkupuo. Walikuwa wanajichoma. Gemu imechukua kujichoma kule ikakupa nywele nyeupe na majivu.

---

Chui_Mpole:

Dah. Nimeshusha, nipo sura za mwanzo. Sasa na mimi nina dukuduku. Huyu Chizuru mbona hafanyi kitu? Anapika chai, anafagia, anatumwa, anatekwa, anaokolewa. Nimechoka naye kabla ya Ikedaya.

---

BintiMvita:

Mkuu usimwonee. Ni mfungwa kwenye nyumba ya wanaume wenye panga na amri ya kumuua akitoroka. Ulitaka afanye nini wiki ya kwanza?

---

TausiMweupe:

Nimkubalie Chui kidogo. Nusu ya kwanza kuna sehemu nyingi mno ambapo Chizuru anasimama kando akiomba radhi, na waandishi wangeweza kumpa zaidi. Hiyo naihesabu kuwa udhaifu wa kweli wa gemu.

Lakini subiri Ikedaya. Usiku wa Julai 8, 1864, Shinsengumi wana fununu kwamba wapinzani wa shogun wanakutana, hawajui ni nyumba ya wageni ipi. Kondo na wachache wanakwenda Ikedaya, Hijikata na wengi wanakwenda Shikokuya. Wapinzani wako Ikedaya. Hivyo ndivyo inavyosimuliwa. Gemu inamchukua binti aliyekuwa anafagia ua, inamtuma na Yamazaki, mpelelezi wa kikosi, wakimbie mitaa ya Kyoto usiku wampelekee Hijikata habari. Tangu usiku ule kauli yao juu yake inabadilika, polepole, bila mtu kutangaza. Okita anaacha kumtania kwamba atamuua. Hijikata anaanza kuinywa ile chai bila kuikagua kwa macho.

Na ukifika Edo Blossoms kwenye njia ya Hijikata utanikumbuka. Kondo amekatwa kichwa Itabashi Mei 1868, kama mhalifu, hata heshima ya kujipasua tumbo akanyimwa. Hijikata anaelekea kaskazini kwenda Ezo, Hokkaido ya leo, na anamwacha Chizuru Sendai kwa makusudi ili aishi. Unadhani anakaa akilia? Anapanda meli, anafika Hakodate katikati ya theluji, anaingia ofisini kwa Hijikata ambaye sasa amekata nywele na kuvaa suti ya kijeshi ya Kizungu, na anamwekea mezani barua ya uteuzi aliyoandikiwa na Otori Keisuke, mkubwa wa Hijikata jeshini: ameteuliwa rasmi kuwa mtumishi wa karibu wa Hijikata. Hijikata hawezi kumfukuza, amri imeshatoka. Mkono ulioshika barua ile ni uleule uliokuwa unashika ufagio.

Ile suti usiipite haraka. Picha halisi ya Hijikata ipo, amekaa, nywele fupi, koti la Kizungu, upanga ubavuni. Itafute uiweke pembeni ya skrini.

---

MzeeWaKaseti:

Vijana, nasoma kimya tangu jana, nimefurahi. Nawapa cha zamani. Gemu za mapenzi za wanawake Japani zinahesabiwa kuanza na Angelique, 1994, kwenye Super Famicom. Koei walikuwa na kundi la wanawake waliojiita Ruby Party, likiwa limeanzishwa na Keiko Erikawa. Nayo ilikuwa ya ulimwengu wa ajabu: msichana wa shule anagombea kuwa malkia wa ulimwengu wote, na walinzi tisa wenye nguvu mbalimbali wamemzunguka. Ukimpenda mmoja wao unaweza kukiacha kiti. Kwa hiyo hayo ya mapenzi kwenye ulimwengu wa ajabu yalikuwepo tangu siku ya kwanza.

Swali langu, kwa macho yangu haya ya miwani, nianze na nani?

---

TausiMweupe:

Shikamoo mzee wangu, na asante kwa hiyo. Nguvu ya Angelique ni kwamba lilikuwa swali la kweli: kiti au mtu. Hakuoki wamelibeba swali hilo wakaliweka kwa wanaume, kikosi au mtu.

Anza na Harada Sanosuke. Kwanza ni mtu mzima kwa tabia, anaongea na Chizuru kama mtu na si kama mzigo. Ana kovu tumboni kwa sababu ujanani alijipasua kwa hasira ya kuambiwa hajui namna ya kujipasua. Hilo ni simulizi la kweli juu yake, waandishi hawakulitunga. Njia yake pia ndiyo yenye damu kidogo kuliko nyingine kwa sababu yeye haigusi chupa. Anabaki binadamu mpaka mwisho. Historia inasema alikufa 1868 baada ya vita vya Ueno, lakini kuna uvumi wa zamani kwamba alivuka bahari akafika Manchuria. Gemu imeushika uvumi huo, na nadhani utapenda walivyoufanya.

Baada ya Harada, Heisuke. Kisha Saito, na hapa uwe na subira, mtu mwenyewe haongei; mapenzi yake yote yako kwenye anavyosimama upande gani wa mlango. Huyu ni miongoni mwa wachache ambao historia iliwaacha hai: alipigana Aizu, akaja kuwa polisi, akafa 1915. Okita baada ya hapo, siku ambayo huna msiba mwingine. Kazama kama moyo unaruhusu. Hijikata wa mwisho, bila mjadala.

---

KobeWaZiwa:

Shikamoo mzee. Da Tausi, kwa nini Hijikata mwisho? Mimi anime imeshanionyesha, si ningeanza naye tu?

---

TausiMweupe:

Kwa sababu yeye ndiye anayewazika wote. Ukianza naye, Heisuke anapotangazwa marehemu ni jina. Sannan anapogeuka ni mtu mbaya. Okita anapobaki nyuma Edo akikohoa ni tukio la pembeni. Ukija kwake mwisho umeshampenda kila mmoja wao, umeshakaa na kila mmoja wao usiku akitapatapa kwa kiu, na sasa unatembea kando ya mtu anayewapoteza mmojammoja huku akiandika amri za kesho. Ile mistari yake mikali mwanzoni, iliyokuudhi, utaisikia tofauti.

Na risasi ile. Juni 20, 1869, Hakodate, Hijikata alipigwa risasi akiwa juu ya farasi, akafa. Gemu haijaifuta. Inampiga palepale, juu ya farasi uleule. Kinachofuata baada ya risasi, chini ya mti wa mcheri, na nani anakuja na upanga, hicho sitakuandikia Kobe, hata kama anime imekuonyesha. Kibofye mwenyewe.

---

Chui_Mpole:

Nimetoka Ikedaya sasa hivi. Namuomba radhi Chizuru. Heisuke amepasuliwa paji la uso, Okita ameanguka ghorofani, na mimi nimetumwa na Yamazaki kama ulivyosema. Swali: maua yametokea kwa Saito mara mbili na Harada mara moja, nami nilitaka Harada. Nirudi kwenye sevu ya nyuma?

---

TausiMweupe:

Usirudi mkuu, bado mapema, sura hizi za mwanzo zinachanganya wote na nafasi zipo nyingi mbele. Wakiuliza utakwenda doria na nani, chagua kundi la Harada. Akikuletea kitu cha kula, kubali. Na Sannan akianza kukataa kula na wenzake, soma polepole, usibonyeze haraka.